Trekta la umeme la zamani: kung'oa kontakta na rezista zake na kufunga kontrola ya kisasa

Mwaka 1969 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuuza Elec-Trak, trekta dogo la kazi za bustani lisilo na injini ya mafuta. Linaendeshwa na betri: sita za volti 6 katika modeli nyingi, zimeungwa kwa mfululizo kupata volti 36. Mengi bado yapo na yanafanya kazi, kwa sababu chasisi yake ni chuma kizito na mota yake imejengwa kudumu. Kinachokufa ni mfumo wa kuendesha: kontakta (swichi kubwa zinazofungwa kwa umeme) zilizoungua midomo, rezista zilizokatika, rilei (swichi ndogo za aina hiyo) zilizoota kutu na waya zilizokauka ngozi. Vipuri vya asili ni adimu, ndiyo maana watu huamua kung'oa kila kitu na kufunga kontrola ya kisasa, kifaa cha kielektroniki kinachodhibiti umeme wa mota, kama zile za magari ya gofu.

Kazi hii inawezekana na matokeo yake ni mazuri. Ila ina mtego mmoja ambao umewaunguzia wengi kontrola, na wengine makaboni ya mota (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), nao ni koili ya fildi, waya uliozungushwa ndani ya mota kutengeneza sumaku. Nitarudi kwake mara kwa mara, unisamehe.

Kilichopo sasa kinafanyaje kazi

Mfumo wa zamani unabadilisha kasi kwa hatua. Kwenye hatua za chini, umeme unaokwenda kwenye amecha, sehemu ya mota inayozunguka, unapitishwa kwanza kwenye rezista nene zinazopunguza nguvu. Chukua mfano: ampea 100 zikipita kwenye rezista ya omu 0.1, volti 10 zinapotea hapo hapo na wati 1,000 zinageuka joto. Hiyo ni pasi ya umeme unayoibeba chini ya boneti. Kadiri unavyopandisha kasi, kontakta zinaziruka rezista moja baada ya nyingine hadi amecha ipate volti zote 36. Baada ya hapo, kasi inaongezwa kwa njia nyingine: umeme wa fildi unapunguzwa. Sumaku ikidhoofika, mota inazunguka haraka zaidi, lakini nguvu yake ya kuvuta inapungua.

Kontrola ya kisasa haichomi chochote. Transista zake zinakata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mota inapata wastani. Faida yake kubwa wengi hawaioni: kwenye mwendo mdogo, ampea za mota zinazidi ampea za betri. Kontrola ikipitisha umeme nusu ya muda na mota inakula ampea 200, betri inatoa takriban 100 tu. Ndiyo maana trekta lililobadilishwa linaondoka na mzigo polepole bila kuruka kama mbuzi, na chaji inakaa zaidi.

Pima mota kabla hujanunua chochote

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Kontrola nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa mota ya sirizi, ambayo fildi yake ni waya mnene ulioungwa mfululizo na amecha. Trekta hizi hazina mota ya aina hiyo. Zina fildi ya waya mwembamba inayojitegemea, yaani shanti, na baadhi zina pia koili ndogo ya waya mnene inayosaidia. Usiamini maneno ya mtu, chukua multimita.

Tenganisha betri kwanza. Volti 36 hazitakurusha, lakini spana ikigusa ncha mbili za betri inayeyuka mkononi. Vua pete na saa, zungushia tepu mpini wa spana, na usifanye kazi hiyo wakati betri zinachajiwa maana zinatoa gesi ya haidrojeni.

Waya zote zinazoingia kwenye mota zichore, zipige picha, zifungie vibandiko, kisha zitoe. Mara nyingi ncha zimeandikwa A1 na A2 kwa amecha, F1 na F2 kwa fildi ya shanti, na S1 na S2 kama ipo koili ya mfululizo. Maandishi yakiwa yamefutika, vipimo vitakuambia. Amecha itasoma sehemu ndogo ya omu, karibu na sifuri. Koili ya mfululizo vivyo hivyo, ila haibadiliki ukizungusha shafti kwa mkono, wakati amecha hubadilika kidogo makaboni yanapohama kutoka bamba moja la komyuteta (silinda ya mabamba ya shaba inayoguswa na makaboni) kwenda jingine. Fildi ya shanti itasoma omu kadhaa.

Namba hiyo ya fildi iandike ukutani. Tuseme umepata omu 12. Kwa volti 36 itakula ampea 3 na kutoa joto la wati 108 muda wote, hata trekta likiwa limesimama. Ikipata moto nyuzi 50 juu ya ilivyokuwa, ukinzani wa shaba unapanda kwa karibu asilimia 20, na ampea zinashuka hadi 2.5. Utazihitaji namba hizi mbili baadaye.

Kisha pima kati ya kila ncha na bodi ya mota. Isome wazi kabisa, yaani umeme haupiti. Ikisoma kiasi, mara nyingi ni vumbi la kaboni lililojaa ndani. Vaa barakoa, fungua kifuniko cha makaboni, pulizia hewa ya kompresa na upime tena. Ukiwa hapo, angalia komyuteta: rangi ya kahawia iliyokolea na laini ni afya. Usiing'arishe kwa msasa eti ipendeze, hiyo rangi ndiyo inayolinda makaboni. Mistari mieusi iliyochimbika au mabamba yaliyoungua ni habari nyingine, hiyo ipeleke kwa mwenye lathe.

Mwisho, izungushe mota ikiwa peke yake: fildi iunge kwenye betri kwanza, volti 36 au 12, halafu amecha kwenye volti 6. Itazunguka taratibu na kwa utulivu. Ukimaliza, tenganisha amecha kwanza, fildi baadaye. Mpangilio huo usiugeuze.

Kontrola ipi

Kuna njia mbili zinazofanya kazi.

Ya kwanza ni kontrola ya kawaida ya mota ya sirizi, kama zinazotengenezwa na Alltrax au Curtis, inayoendesha amecha tu. Fildi unaipa volti 36 moja kwa moja kupitia rilei. Ni rahisi, ni imara, na vipuri vinapatikana. Hasara yake ni kwamba unapoteza kasi ya juu iliyotokana na kudhoofisha fildi. Mimi sioni kama ni hasara kubwa kwa trekta la kukata nyasi. Anayetaka kasi hiyo irudi anaweza kuweka rezista kwenye njia ya fildi, inayorukwa na rilei, ili iingie kazini pedali ikifika mwisho tu. Isipunguze fildi chini ya nusu.

Ya pili ni kontrola ya mota yenye fildi ya kujitegemea, inayosimamia amecha na fildi kwa pamoja. Hii inageuza mwelekeo yenyewe, inadhoofisha fildi kwa hesabu, na inafunga breki kwa umeme ikirudisha chaji. Inavutia sana kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba nyingi zimepangwa kwa mota za gari la gofu ambazo fildi yake ina ukinzani mdogo na inakula ampea nyingi. Ukiiunga kwenye fildi ya omu 12 inaona ampea 3 pale ilipotegemea mara kadhaa ya hizo, inahesabu kuwa waya umekatika na kukataa kuwaka. Usinunue kontrola ya aina hii mpaka uhakikishe kwamba viwango vya fildi vinaweza kubadilishwa na kwamba una kifaa cha kuviprogramu. Kama huna, chukua njia ya kwanza. Maelezo yanayofuata ni ya njia ya kwanza.

Kuhusu ukubwa, ampea 300 zinatosha na kubaki. Mota haina haja nazo zote, na haina feni ya kutosha kuzivumilia muda mrefu ikizunguka polepole. Kama kontrola inaruhusu kuweka kikomo, anza na nusu.

Fildi ikikatika

Nilikuwa nimepandisha trekta juu ya magogo, magurudumu hewani, nikijaribu mpangilio wangu wa kwanza. Lagi moja ya fildi, ile ncha ya chuma inayominywa mwishoni mwa waya, sikuikaza vizuri. Nikagusa pedali, mota ikaanza vizuri, halafu mtikisiko ukailegeza ile lagi. Sauti ikapanda kutoka ngurumo hadi mluzi kabla sijanyanyua mguu. Niliponyanyua, kontrola ilikata umeme na mota ikashuka yenyewe. Sekunde mbili zaidi na waya za amecha zingeweza kuchomoka kwenye nafasi zake.

Mota ya shanti isiyo na mzigo ikipoteza fildi haisimami, inakimbia. Ikiwa na mzigo inafanya kinyume: haina nguvu ya kuvuta, inakaa pale pale huku ikila ampea zote ambazo kontrola inaruhusu, makaboni yakichoma komyuteta mahali pamoja. Kontrola ya sirizi haiwezi kukusaidia, maana haijui kama fildi ipo duniani. Lazima uiambie wewe.

Kinga ninayoipenda ni swichi ya ridi, ile ya kioo kidogo chenye vibati viwili vinavyoshikana vikiguswa na sumaku. Izungushie waya wa fildi wenyewe. Ampea 2.5 zikipita kwenye mizunguko 12 zinakupa ampea-mizunguko 30, nguvu inayotosha swichi nyingi za aina hiyo kufunga. Zungusha juu ya kipande cha mrija wa plastiki unaoingia kioo bila kubana, acha ncha ndefu, usikunje miguu ya kioo karibu na mwili wake maana kinapasuka kwa mlio mdogo na ndiyo mwisho wake. Jaribu kwa fildi halisi, mota ikiwa baridi na ikiwa moto. Ikichelewa kufunga, ongeza mizunguko. Kama umeweka rezista ya kudhoofisha fildi, hakikisha inabaki imefunga hata rezista ikiwa kazini.

Vibati hivyo ni dhaifu, usivitumie kuwasha koili ya kontakta kubwa moja kwa moja. Viwashe rilei ndogo, na rilei hiyo ndiyo ipitishe waya wa kuamsha kontrola, ule unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Fildi haipo, kontrola hailali wala haiamki: imezimwa.

Jambo moja zaidi kuhusu fildi. Ni koili kubwa, na ukiikata ghafla inapiga volti nyingi zinazoharibu midomo ya rilei. Dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ingetosha kama mwelekeo wa umeme haubadiliki, lakini fildi inayogeuzwa kwa ajili ya kurudi nyuma haikubali dayodi, kwa sababu upande mmoja ingekuwa shoti. Tumia varista (kifaa kinachomeza volti zilizozidi) ya volti 60 hivi sambamba na koili, hiyo haijali mwelekeo.

Mbele na nyuma

Unaweza kugeuza fildi au kugeuza amecha. Kugeuza fildi ni rahisi kwa mkono kwa sababu ampea ni chache: rilei moja yenye midomo miwili ya kubadilisha, yenye uwezo wa ampea 10 za umeme wa betri. Kugeuza amecha kunahitaji kontakta kubwa ya pande mbili, kama SW202 ya Albright. Kama mota ina koili ya S1 na S2, ukigeuza amecha geuza A1 na A2 peke yake, koili ya S ibaki nje ya mzunguko huo wa kugeuza. Usipofanya hivyo, koili hizo mbili zitapingana upande mmoja na trekta litakuwa goigoi. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mota ya aina hii asigeuze fildi ya shanti peke yake.

Njia yoyote utakayochagua, trekta lisiruhusu kugeuzwa likiwa linatembea. Amecha inayozunguka ni jenereta. Ukigeuza fildi wakati huo, umeme wake unageuka na kupita kwenye dayodi iliyo ndani ya kontrola bila kizuizi chochote zaidi ya waya. Mamia ya ampea. Kontrola zinazokufa bila sababu, nyingi zilikufa hivyo. Weka swichi kwenye pedali ya breki ili rilei ya mwelekeo ibadilike breki ikiwa imekanyagwa tu, na dereva mwenyewe azoee kusimama kabisa kwanza.

Ujue pia kwamba breki ya umeme ya mfumo wa zamani itapungua. Trekta lililokuwa linajizuia lenyewe kwenye mteremko sasa litateleza huru hadi lifikie kasi ya juu. Kaza breki za mguu kabla ya kulitoa nje, siyo baada.

Njia kuu ya umeme

Kutoka chanya ya betri, mpangilio ni huu: fyuzi, swichi ya kukata kwa mkono, kontakta kuu, kontrola. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Soma maandishi yake: fyuzi nyingi za magari zimeandikwa volti 32, na betri zako zikichajiwa zinapita volti 43. Fyuzi iliyozidiwa volti inaweza kuungua na bado kuendelea kupitisha moto kwa cheche. Tafuta iliyoandikwa volti 58 au 80 za umeme wa betri.

Kontakta kuu iwe na koili ya volti 36, na dayodi kama 1N4007 juu ya koili, mstari wake ukielekea chanya. Kati ya ncha mbili nene za kontakta hiyo funga rezista ya omu 470 ya wati 10. Kazi yake ni kujaza kapasita za kontrola taratibu kabla kontakta haijafunga, vinginevyo kila uwashapo midomo inapiga cheche na mwisho inashikana. Ampea zinazopita hapo hazifiki hata moja ya kumi ya ampea moja, lakini trekta likikaa wiki nzima zinanyonya betri, kwa hiyo zima kwa swichi ya mkono unapoliegesha. Ukiwasha tena, subiri sekunde kadhaa ndipo ugeuze ufunguo.

Kebo za amecha na betri ziwe na unene wa milimita za mraba 35, na 50 kama umeweka kikomo kikubwa. Minya lagi kwa koleo lake maalumu. Nyundo na bisibisi vinatoa lagi inayoonekana nzuri na inayopata moto. Kontrola ifunge kwenye bamba la alumini lenye unene wa milimita 6 au zaidi, na mafuta ya kupitisha joto katikati, mahali ambapo majani hayatajazana.

Chasisi usiiunge na betri upande wowote. Ukimaliza, pima volti kati ya chanya na chasisi, kisha hasi na chasisi. Zikisoma volti zilizotulia au karibu na zote 36, kuna waya umechubuka mahali.

Pedali

Kontrola nyingi zinakubali kifaa cha ukinzani wa omu 0 hadi 5,000, au cha volti 0 hadi 5. Chagua aina moja na uiandike kwenye mipangilio, maana zikipishana trekta linaweza kuondoka kwa kasi zote ufunguo ukigeuzwa. Washa kinga ya kukataa kuanza pedali ikiwa imekanyagwa. Mimi huweka springi mbili za kurudisha pedali, moja ikikatika ibaki nyingine. Swichi ya kiti iunge mfululizo na rilei ya fildi: dereva akishuka, fildi inazimika, ridi inafunguka, kontrola inazimika. Unaokoa zile wati 108 na mguu wa mtu kwa waya mmoja.

Kuwasha mara ya kwanza

Nyanyua magurudumu ya nyuma, weka vigingi imara, jeki peke yake haitoshi. Gia iwe ya chini.

Geuza ufunguo bila kukanyaga. Pima volti kwenye F1 na F2, sikiliza rilei ya ridi. Pima ampea za fildi zilingane na zile za ukutani. Sasa kanyaga taratibu. Magurudumu yakizunguka kinyume, badilisha F1 na F2, au A1 na A2 kama mota ina koili ya S. Halafu fanya jaribio ambalo watu hulikwepa: mota ikizunguka polepole, chomoa waya wa kuamsha rilei ya fildi kwa makusudi. Kontrola izime papo hapo. Isipozima, usiendelee mpaka ujue kwa nini.

Likishuka chini, endesha dakika 10 bila mzigo, kisha gusa kila lagi kwa mgongo wa kidole baada ya kuzima. Inayochoma haikukazwa vizuri. Rudia baada ya saa ya kwanza ya kazi na mzigo, na hapo ndipo uongeze kikomo cha ampea kidogo kidogo ukifuatilia joto la mota.

Mota za mashine ya kukata nyasi na soketi ya volti 36 ya vifaa vingine visipite kwenye kontrola. Zipe fyuzi yake na kontakta yake. Taa za volti 12 usizichukue kwenye betri mbili kati ya sita, maana hizo mbili zitachoka kabla ya wenzake. Tumia kigeuzi cha volti 36 kwenda 12.

Anayefikiria betri za lithiamu, seli 12 za fosfeti ya chuma zinatoa volti 38.4 za kawaida na 43.8 zikijaa, kwa hiyo kontrola hiyo hiyo inakubali. Hakikisha mfumo wa kulinda seli unaweza kutoa ampea ulizoweka, la sivyo utakata umeme katikati ya mlima. Betri sita za risasi za ampea-saa 225 zina uzito wa karibu kilo 170, na uzito huo ndio unaosaidia magurudumu yashike. Ukiutoa, rudisha vyuma mahali pake, hasa nyuma.

Chora upya mchoro wa waya zako, namba za fildi zikiwa juu, na uubandike ndani ya boneti. Rilei na rezista za zamani zisizokufa ziweke kwenye kopo; kuna mwenye trekta kama lako anayezitafuta.